Sakafu ya Mkokoteni

Mama yangu alikuwa mchuuzi wa samaki katika mtaa wa Huruma, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi. Kila siku kabla ya alfajiri mkokoteni wetu ulishuka mpaka soko la Gikomba, ukapakiwa masanduku ya samaki waliosafiri usiku kucha katika barafu kutoka Ziwa Victoria, ukarudi kwa barabara ya Juja kabla jua halijawa kali. Mkokoteni ule ndio uliotulisha, ukatuvisha na kutusomesha. Ulikuwa na ekseli ya motokaa kuukuu, magurudumu mawili ya mpira, mihimili miwili mirefu iliyotokeza mbele kuwa mikono ya kuvutia, mihimili mitano iliyokingama juu yake, na juu ya hiyo sakafu ya mbao. Nautaja kiungo kwa kiungo kwa sababu wakati ule nilikuwa nikiujua kwa juu tu, kama abiria aijuavyo meli.

Mapema mwaka 2016 niliona mahali pamoja katika sakafu, karibu na nyuma, palipokuwa laini. Ukipakanyaga palibonyea, na ukiondoa mguu maji yalichuruzika. Nilikuwa katika kidato cha pili, na nilikuwa na haraka ya kuonekana mtu mzima. Basi nikaenda Kariobangi, jirani na mtaa wetu, ambako mafundi hufua na kuyeyusha vyuma, nikanunua kipande cha bati la alumini, nikakipigilia juu ya ule ulaini kwa misumari ya chuma. Bati liling'aa. Mama alinisifu mbele ya majirani, nami siku ile nilitembea kama mtu aliyejenga daraja.

Masika ya mwaka ule yalikuwa na mvua kubwa. Usiku wa tarehe 29 Aprili jengo la ghorofa 6 liliporomoka papo hapo Huruma, likaua watu zaidi ya 40. Mtoto mchanga alitolewa hai katika kifusi baada ya siku 3, na habari yake ikaenea mbali. Habari za waliokufa zilibaki kwetu. Tangu hapo watu wa mtaa walianza kuzitazama kuta za nyumba zao kwa macho mengine, wakipapasa nyufa na kuulizana habari za misingi. Hakuna aliyeutazama mkokoteni, na mimi mwenyewe sikuutazama.

Mwezi wa Julai, kijana aliyekuwa akituvutia mkokoteni alipanda juu ya sakafu ili ainue sanduku la nyuma. Bati langu likakunjika kama karatasi, na mguu wake ukazama mpaka gotini. Alipoutoa, ngozi ya muundi ilikuwa imechanika vibaya, na samaki walikuwa wametapakaa barabarani. Mama alilipa gharama za matibabu, akampa nauli ya kwenda kwao kupumzika. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ikawa kwamba katika likizo ya Agosti baba mdogo alikuja kutoka Mbita, kando ya ziwa, kwa haja ya kutibiwa macho. Alikuwa fundi wa mashua kwa miaka mingi. Mama akamwomba autazame mkokoteni.

Nilimwuliza, "Baba mdogo, je, nikatafute bati kubwa zaidi?"

"Mwanangu," akajibu, "lete nyundo na kisu kwanza. Bati tutalizungumza baadaye."

Alipita sakafu nzima akigonga kwa kichwa cha nyundo na kutega sikio. Penye ubao mzima sauti ilikuwa kavu na yenye mlio. Penye uozo ilikuwa nzito na butu, kama mtu agongaye gunia. Kila aliposhuku alichoma kwa ncha ya kisu. Kisha akaninyoshea mkono, nikamsaidia kung'oa bati. Chini yake misumari ilikuwa imezungukwa na unga mweupe, na mbao zilikuwa nyeusi, zikimeguka vidoleni mithili ya ugali wa jana.

Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo darasani nilikuwa nimelisoma nisilielewe. Kinachoozesha ubao si maji yenyewe, bali ni kuvu, nayo huhitaji ubao wenye unyevu pamoja na hewa. Ubao mkavu hauozi. Na ubao uliozama majini daima, usipate hewa, unaweza kudumu mamia ya miaka, kama nguzo zinazobeba nyumba za mji wa Venice. Ubaya uko katikati, mahali panapolowa pasipate kukauka. Bati langu halikuwa dawa. Lilikuwa kifuniko cha chungu. Maji ya samaki yalipita pembeni mwake, yakakaa, nalo likazuia jua na upepo. Tena alumini na chuma, vikigusana katika maji yenye chumvi, havipatani: alumini huliwa, na tundu la msumari hupanuka siku kwa siku. Nimesoma baadaye kwamba kule Marekani wenye mashua ndogo za alumini hupata mashaka yayo hayo. Ganda la mashua halina ubaya, lakini sakafu ya mbao iliyofunikwa kwa zulia huoza chini kwa chini; na wakitumia mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, dawa hiyo nayo huila alumini.

Baba mdogo aliendelea kufungua. Nilitazamia ang'oe mbao mbili. Aling'oa zote, kisha akaanza kuichoma mihimili ya chini. Mitatu kati ya ile mitano iliyokingama iliingiza kisu bila ubishi, na mmoja wa ile mirefu ulikuwa umeanza kuoza palipokaa bolti. Jioni mkokoteni wetu ulikuwa magurudumu, ekseli na lundo la kuni.

Mama alitoka akasimama mlangoni. "Shemeji," akasema, "je, haiwezekani kubadili mbao za juu tu, na hiyo ya chini tukaitazama mwakani? Fedha niliyo nayo ni karo ya huyu."

"Shemeji, yawezekana. Mbao mpya zitaishika misumari kwa miezi miwili mitatu, na mtu apitaye atasema mkokoteni ni mpya. Lakini mkokoteni ni wako na fedha ni yako. Sema, nami nitafanya."

Mama alinyamaza kwa kitambo. Akauliza kama nilikuwa nimepata habari za mguu wa yule kijana; nikasema sijapata. Akaingia ndani, akarudi na fedha iliyofungwa katika pindo la leso, akamkabidhi baba mdogo bila kuihesabu. Kisha akanigeukia: "Utachelewa kurudi shule." Nilitaka kusema neno, lakini sikuwa na neno la kusema, maana bati lilikuwa bado liko miguuni pangu.

Kazi ilichukua siku 4, na siku zote hizo mama alikodi mkokoteni wa watu. Tulinunua mbao Gikomba; baba mdogo alizikataa nyingi kuliko alizozichukua, akizinusa na kuzipima uzito kwa mkono, mpaka muuzaji akachoka naye. Mhimili mrefu hakuutupa wote. Alikata kipande kibovu, akaendelea kukata hata alipopita ubao wenye rangi nyeusi na kufika penye weupe, kisha akaongeza shubiri nzima ya ubao uliokuwa mzima. Nililalamika moyoni kwa hasara ile. Ndipo akaunga kipande kipya kwa mkato wa mshazari mrefu, kama waungavyo mbao za mashua, na kuukaza kwa bolti.

Lililonishangaza lilikuwa sakafu yenyewe. Nilidhani fundi wa mashua ataziba kila upenyo. Nimewaona wenzake wa Lamu wakifanya kalafati, wakishindilia pamba penye maungio, wakipaka deheni ya chokaa na shahamu upande wa chini, na mbao za juu wakizilainisha kwa sifa, yaani mafuta ya papa. Yeye alifanya kinyume. Kati ya ubao na ubao aliweka njiti ya kiberiti, akapigilia, kisha akaichomoa. Nilipomwuliza sababu alicheka. "Miaka yote nimezuia maji yasiingie," akasema. "Hapa maji yamekwisha kuingia, kazi yangu ni kuyaonyesha mlango." Upande wa chini alipaka oili chafu ya motokaa, akauacha juani siku nzima, juu hakupaka kitu, kwa sababu ya samaki.

Asubuhi ya kwanza niliuvuta mimi, maana kijana wetu alikuwa bado hajarudi. Barafu ilipoyeyuka, maji yalidondoka kati ya mbao, yakachora mstari barabarani kutoka Gikomba mpaka mlangoni petu, na paka wa barabara ya Juja wakaufuata mstari ule. Bati la alumini mama alilifanya kinga ya upepo jikoni, tundu zake za misumari zikionekana.

Shule nilirudi baada ya wiki mbili. Mwalimu wa hisabati alikuwa amekwisha kumaliza mlango mzima bila mimi, na katika mtihani wa mwisho wa mwaka maswali mawili ya mlango ule niliyaacha wazi. Yule kijana alirejea mwezi wa Oktoba. Alipanda juu ya sakafu polepole, akaikanyaga hapa na pale kwa mguu ule wenye kovu, kisha akainama akachungulia chini.