Kalamu nyekundu na neno «la»



Leo nawaletea kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita, mtoto mmoja wa kike katika darasa langu la sita aliandika kwamba akikua atakuwa «la juge». Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta «la», nikaandika «le». Ndivyo nilivyofundishwa. Akaniuliza polepole: «Madame, kumbe ni kazi ya wanaume?» Nikamjibu ni sarufi tu, akae.

Swali hilo halikuniacha. Kwa Kiswahili chetu hakimu ni hakimu, mwalimu ni mwalimu. Jina haliulizi kama mtu ni mume ao mke. Kifaransa kinauliza. Kwa infirmière, vendeuse na cuisinière kinajibu bila shida. Shida inaanza pale kiti kinapopanda. Mama anayeongoza shule ya msingi ni directrice; akiongoza ofisi kubwa, utasikia «Madame le directeur». Zamani ambassadrice alikuwa bibi ya balozi, na préfète bibi ya préfet. Jina la kike lilitoka kwa ndoa, si kwa kazi.

Nilipotafuta, nikaona kwamba Québec ilishauri majina ya kike tangu 1979. Wabelgiji wanaosema Kifaransa wakayawekea sheria 1993. Hata Académie française, iliyokataa kwa miaka mingi, ilikubali mwezi wa pili 2019. Na kwetu, tangu Judith Suminwa Tuluka ateuliwe mwezi wa ine 2024, watoto wanasikia «la Première ministre» redioni.

Wako wamama wanaoona kwamba «le» inawapa heshima zaidi. Siwagombezi; kila mtu aitwe jina analolitaka. Lakini mtoto asifutiwe lake.

Juzi nilimkuta yule binti sokoni, sasa yuko sekondari. Nikamwomba samahani: «La juge» ilikuwa sawa. Alicheka, hata hakukumbuka. Nikamuuliza kama angali anataka kazi ile. Akasema hapana, hajui ilimtoka lini.

Sisemi ni kalamu yangu. Lakini wamama, jioni hii chungulieni madaftari ya binti zenu. Mkikuta neno la kike limefutwa kwa wino mwekundu, njooni shuleni mtuulize. Na mimi mniulize.