Masahihisho ya Kila Sekunde

Mtu akifungua ramani kwenye simu huona nukta ya buluu, akaamini kwamba hapo ndipo aliposimama. Kwa kutafuta nyumba ya mgonjwa nukta ile inatosha. Kwa kuweka mpaka wa ardhi haitoshi, maana inaweza kukosea mita kadhaa. Setilaiti za GPS ziko juu yetu kiasi cha kilomita 20,200, na mawimbi yake yanapopita kwenye tabaka za juu za anga huchelewa kidogo. Huku kwetu, karibu na Ikweta, uchelewaji huo ni mkubwa, hasa mchana na jioni. Kipokezi hakiwezi kuliona vizuri kosa hilo kikiwa peke yake. Hutoa namba zake kwa utulivu, kana kwamba kila kitu ni sawa.

Haya niliyajua hapa Sudi, usharika ulipotaka kuzungushia uzio kiwanja chake. Sisi Wakristo ni wachache katika mji huu wa kale wa Waislamu, na jirani yetu upande wa mikoko ni bibi mmoja mjane, Mwislamu. Jiwe la mpaka la pembe ile lilikuwa limepotea, na hapo karibu ipo mikorosho mitatu. Wazee wa kanisa waliamini ni yetu. Bibi alisema aliyeipanda ni marehemu mumewe. Kila msimu wa korosho ulipofika, salamu zilipungua.

Kamati ikamwita mpima ardhi. Ramani ya upimaji inazo namba za kila jiwe. Kazi yake ilikuwa kutafuta mahali pa namba hizo ardhini. Alikuja na vipokezi viwili. Cha kwanza, anachokiita besi, alikisimamisha juu ya alama ya upimaji ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika, akamwacha kijana akilinde dhidi ya mbuzi na watoto. Cha pili, rova, alikifunga kwenye fimbo akatembea nacho kiwanjani. Kila kimoja kilikuwa na laini ya simu na bando la intaneti.

Besi haina haja ya kujua mpaka wetu uko wapi. Kila sekunde inatuma mambo mawili: mahali ilipo kwa hakika, na kile inachokisikia kutoka kwa setilaiti. Mawili hayo hayalingani, na katika tofauti hiyo kosa linajulikana. Kwa kuwa rova iko karibu, chini ya anga lile lile, nayo inapatwa na kosa karibu lile lile. Ikishaliondoa, hubaki na usahihi wa sentimita moja au mbili. Laini za kawaida haziwezi kufikiana moja kwa moja, kwa sababu mitandao ya simu huzipa anwani za ndani zinazobadilika. Kwa hiyo vyote viwili huita seva moja: besi inapeleka, rova inachukua.

Kwenye pembe ya mikoko mtandao ulikatika. Rova haikuzimika. Namba ziliendelea kuja, na kwa namba zile jiwe lingesimama ng'ambo ya mikorosho. Yote mitatu ingekuwa yetu. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Andika basi, fundi. Si namba hizo?" Mpima akamwonyesha neno dogo kwenye kioo, lililosema kwamba masahihisho hayafiki. "Mzee wangu, hapa inajisemea yenyewe tu. Siwezi kuandika." Tukakaa kivulini, bibi naye akaletewa kiti. Tulingoja karibu saa nzima. Mtandao uliporudi, alama ikahama mita mbili na zaidi kuja upande wa kanisa. Mikorosho ikawa ya bibi.

Nilikuwa nikiwatazama wazee wangu. Yule aliyesema "andika" ndiye aliyeinuka kwanza. Akamwendea, akasema, "Bibi, miti ni yako. Mungu amrehemu mzee." Akajibu, "Amina. Na watoto wenu wa shule ya Jumapili wasiache kucheza pale chini."

Katika chuo cha theolojia tulisoma Wagalatia 6:1 kwa Kigiriki. Neno analolitumia Paulo kwa kumrejesha ndugu aliyekosea ndilo linalotumika katika Marko 1:19 kwa wana wa Zebedayo walipokuwa wakitengeneza nyavu. Mtu wa Sudi hahitaji kuelezwa sana. Wavu hautengenezwi kwa kupigiwa kelele kutoka mbali. Fundi hukaa chini, akauweka magotini, akaenda nao fundo kwa fundo.

Besi inasahihisha kwa namna hiyo. Haifichi kile kinachoipata yenyewe, na msaada wake hupungua kadiri inavyokuwa mbali, kwa sababu anga la huko si la hapa. Makanisani mara nyingi tunataka kusahihisha tukiwa mbali, huku tukificha kosa letu, kisha tunashangaa kwamba ndugu hasogei. Hata hivyo, ukaribu peke yake hautoshi. Vipokezi viwili visivyojua vilipo haviwezi kuambiana mahali pa kweli. Besi inafaa kwa sababu imesimama juu ya alama ambayo haikujiwekea. Kwetu sisi msingi huo ni Kristo, kama Paulo anavyowaambia Wakorintho katika waraka wa kwanza, 3:11.

Wapendwa, hatari yetu ni kwamba Mkristo akikosa masahihisho hanyamazi. Anaendelea kusali kwa sauti, kutoa hoja vikaoni na kuhukumu mashauri ya jirani. Namba zinakuja kama kawaida, na mara nyingine zinatupa mikorosho. Mchungaji yuko hatarini zaidi, maana mimbarini hakuna anayemkatiza. Basi kila mmoja wetu awe na mtu wa karibu, aliyesimama katika Kristo, mwenye ruhusa ya kumwambia neno kila siku. Mtu huyo akinyamaza, au ukimnyamazisha, usiwe na haraka ya kuandika. Ngoja kwanza asikike tena, hata kama namba ulizonazo zinakupendeza.