Ini Jeupe

Moyo wa Mwingereza umebebeshwa mizigo mingi: huvunjika, huzama, hupanda hadi mdomoni kwa hofu. Hayo hayamtaabishi mfasiri, nasi mioyo tunayo. Lililonikesha mimi ni ini.

Katika mchezo wa Macbeth, mtumishi aingia, uso umempauka, kuleta habari ya askari elfu kumi. Bwana wake amtukana kuwa ini lake ni jeupe kama yungiyungi. Zama za Shakespeare, matabibu waliomfuata Galen waliamini kuwa damu hutengenezwa na ini. Ini lisilo damu, basi, halina ushujaa. Mwaka 1628 William Harvey akaonyesha kuwa damu huzunguka mwilini ikisukumwa na moyo. Imani ikafa, tusi likabaki.

Nifasirije? “Mwoga” lilikuja upesi, nikalikataa: weupe wa uso na weupe wa ini ni tusi moja, na neno hilo halina hata tone la damu. Kwetu tena maini si makao ya ushujaa bali ya uchungu. Kauli mbaya humkata mtu maini (na hapo, nionavyo, Kiswahili kimempita Mwingereza). Yungiyungi nalo la vidimbwi vyetu aghalabu ni la samawati!

Lakini katika mchezo ambao Nyerere aliufasiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, uliotoka 1969, Shakespeare mwenyewe ayafananisha maini ya waoga na maziwa. Nikapata ruhusa. Nimeandika: ini lisilo damu, jeupe kama tui.