Makanisa ya Pwani, na Lile Letu la Matofali



Tangu turudi kutoka safari, kila mama tunayekutana naye kwenye bomba la maji au sokoni anatuuliza jambo moja: bikwembe viko wapi na bei ni ngapi? Vipo. Wale wa likelemba wanajua siku ya kuja. Lakini leo hatuandiki juu ya bikwembe. Tunaandika juu ya makanisa tuliyoyaona kule pwani, kwa sababu mambo hayo yamekataa kututoka kichwani, na kwa sababu hapa kwetu kuna neno la kuamua.

Tulikuwa wamama sita. Gari la moshi hadi Lubumbashi (wenye kulijua mnajua, tulikula kikwanga chote kabla ya kufika), kisha basi: Kasumbalesa, Zambia yote, Tunduma, mpaka Dar es Salaam. Baada ya kununua mali, mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akasema: 'Tumefika hapa, bahari iko mbele ya macho, tutarudi bila kuivuka?' Basi tukapanda boti kwenda Unguja. Ni saa mbili hivi juu ya maji. Watatu wetu walitapika njia nzima, hatuwataji.

Kule Mji Mkongwe tulimuuliza mama mmoja anayeuza karanga: 'Kanisa ile ya zamani iko wapi?' Akatuangalia, akacheka kwa upole: 'Liko hapo Mkunazini, mama zangu. Nyinyi ni watu wa wapi?' Tulipomwambia Kamina, kule Kongo, alishangaa kwamba tumekuja kwa njia ya nchi kavu hadi Dar. Alitupa karanga za bure. Kiswahili chetu na chake ni ndugu, lakini chake kimevaa nguo ya Siku Kuu.

Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza wa kufunga soko hilo, na mwaka uleule, siku ya Noeli, likawekwa jiwe la msingi. Aliyeongoza ujenzi ni Askofu Edward Steere, yuleyule aliyekuwa ametoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Alikufa mwaka 1882 na amezikwa humohumo, nyuma ya altare.

Kwa nje, madirisha yake ni marefu na yamechongoka juu kama ya Ulaya, lakini ukitazama vizuri unaona pia mkono wa Kiarabu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaani mawe yanayotoka baharini, na chokaa. Dari ndiyo iliyotushangaza: haina boriti, imepinda kama pipa lililokatwa katikati, nayo imemwagwa kwa simenti iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa. Wanasema wakati ule watu waliogopa kuingia, wakifikiri itawaangukia. Bado iko juu. Nyuma kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu. Kijana aliyetuongoza alisema askofu alikuwa safarini, mafundi hawakujua upande gani ni wa juu, naye aliporudi akaacha zilivyo. Tulicheka sana. Kila mama aliyewahi kujenga jiko kwa kumtegemea fundi, kisha akaenda shamba, anaielewa habari hiyo.

Mbele ya altare, chini sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Hapo, kijana alisema, palikuwa na mti au nguzo ya kufungia watumwa na kuwapiga fimbo, ili wanunuzi waone nani ana nguvu. Tulinyamaza. Mwenzetu mkubwa akamuuliza: 'Walitoka wapi hao watu?' Kijana akajibu bila kufikiri, kama mtu aliyezoea: 'Nyasa, Manyema, Kongo, bara yote.'

Alisema 'Kongo' kama mtu anayetaja jina la kiungo cha mboga. Mama yetu alikaa kwenye benchi. Baadaye alitueleza kwamba bibi yake alikuwa akisimulia ndugu wa babu aliyechukuliwa na wafanya biashara na asirudi, na nyumbani hawakuwahi kufanya matanga yake, kwa sababu hawakujua kama amekufa. Hatujui alipelekwa upande gani. Katika nchi yetu ya Waluba wengi waliuzwa kuelekea magharibi, mpaka Angola. Wengine mashariki, kupitia ziwa Tanganyika mpaka pwani. Msiri wa Bunkeya mwenyewe alifanya biashara pande zote mbili. Lakini mama aliomba muda, akavua kitambaa, akasema maneno yake kwa Kiluba mbele ya lile duara. Watalii wawili waliokuwa wanapiga picha waliteremsha simu zao. Tunawashukuru, popote walipo.

Karibu na altare kuna msalaba wa mbao. Mbao hiyo ilitoka kwenye mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa alipokufa mwaka 1873. Chitambo si mbali sana na Katanga yetu. Tulikuwa tumepita nchi ileile kwa basi.

Nje kuna sanamu tano za watu ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Minyororo ni ya kweli. Kuna pia vyumba vya chini ya ardhi ambavyo wageni wote wanaonyeshwa kama vyumba vya watumwa. Wako wataalamu wanaosema vilijengwa baadaye, pamoja na nyumba ya hospitali ya misioni. Sisi tunaona hivi: uchungu wa mahali pale hauhitaji kuongezewa kitu. Waseme tu lililo kweli.

Kanisa la Wakatoliki, Mtakatifu Yosefu, tulilipita haraka. Minara yake miwili unaiona toka boti, lakini ukiingia vichochoroni inapotea, tukazunguka mpaka viatu vikatuuma. Lilijengwa na mapadri Wafaransa miaka ya mwisho ya 1890. Tulikuta mlango umefungwa.

Tuliporudi Dar tulikwenda Bagamoyo siku moja. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868, wakakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Mnara wa kanisa la zamani bado umesimama. Humo, mwezi wa pili wa mwaka 1874, mwili wa Livingstone ulilala usiku mmoja, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu miezi mingi toka Chitambo. Watoto wetu shuleni wanajifunza jina la Livingstone. La Chuma na Susi nani amewafundisha? Waliobeba ni wao.

Kanisa kubwa la pale, lililojengwa kati ya 1910 na 1914, watu wanasali ndani yake mpaka leo. Na hili ndilo tulilotaka mlisikie vizuri. Kule Unguja mgeni analipa kuingia, na vijana wa mtaa wanapata kazi ya kuongoza. Nje wamama wanauza karanga, vitambaa, maji. Jumapili misa inaendelea kama kawaida. Kanisa halikugeuzwa duka. Ukuta wa miaka 140 unawalisha watu.

Wengine mtasema: hiyo ni pwani, kuna bahari na ndege za wazungu, nani atakuja Kamina? Ni swali zuri, nasi tuliulizana hivyo njia nzima ya kurudi. Lakini hata ndani ya nchi yetu kuna vya kutazama. Pale Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, misioni ilianzia kwenye ngome aliyoijenga Mbelgiji Emile Storms mwaka 1883 na kuachiwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Kirungu, karibu na Moba, ilianzishwa mwaka 1893, nako kuna kanisa kubwa la matofali. Hakuna anayetupeleka watoto wetu kule, tunangoja Wazungu watuonyeshe.

Sasa tuje hapa Base. Mnajua kanisa letu dogo la zamani. Mnajua pia kwamba kuna shauri la kulivunja, kuuza matofali, na kujenga jipya la bloku na manjanja. Sisi wenyewe tulichanga. Hatusemi waliotoa shauri ni wabaya: mvua inaingia, watoto wa katekisimu wanalowa, na mwaka jana kipande cha dari kiliangukia benchi la mbele, kwa bahati siku isiyo ya sala.

Lakini yale matofali ni ya udongo wa kichuguu, yalichomwa na baba zetu na babu zetu. Wazee wawili waliokuwa vijana wakati ule bado wako hai na wanajua tanuru lilikuwa wapi. Udongo wa kichuguu ukichomwa vizuri haufi. Fundi tuliyemwita juzi aligonga ukuta kwa nyundo pande zote nne, akasema kuta ni nzima. Kilichooza ni mbao za juu, na upande mmoja maji yanakula msingi kwa sababu mfereji umejaa takataka. Mfereji huo tunaweza kuusafisha wenyewe kwa jembe, asubuhi moja.

Bei ya paa peke yake hatujaipata kamili. Fundi atatuletea hesabu. Mpaka hapo tunaomba pesa za mchango zisiguswe.

Mkutano ni Alhamisi saa tisa, palepale kanisani, si nyumbani kwa mtu. Wenye picha za zamani za ndoa au ubatizo zilizopigwa mbele ya mlango ule wazilete, tutawarudishia. Na atakayeweza, aje na jembe.