Mchekeshaji na Kamera

Hapa Shume, baridi inaposhuka kutoka msitu wa Magamba, watu huketi karibukaribu, na mmoja wao husimama akawachekesha. Hana mapambo wala ngoma. Ana fimbo yake, ulimi wake, na nyuso zinazomtazama. Siku hizi vijana wa mijini huiita kazi hiyo kwa jina la kigeni na kuitoza kiingilio.

Sisi tuliionja. Katika mkutano mmoja wa hadhara, tulipotumwa kueleza habari za matuta na vyanzo vya maji, tulihutubia kwa Kiswahili kirefu cha ofisini. Tulipoketi, mzee mmoja aliomba ruhusa ya kusema. Akatia mkono mfukoni kama sisi, akakohoa kama sisi, kisha akazihutubia kabichi na karoti, akizisihi zizingatie maagizo kutoka ngazi za juu. Watu walicheka hata wakaegemeana. Sisi uso ulituwaka. Mzee akatutazama, akanyamaza, akangoja. Tulipocheka ndipo alipoendelea, na alipomaliza alikuja kutupa mkono.

Kijana mmoja alikuwa amelinasa tukio lile kwa simu yake. Baada ya siku chache tulionyeshwa. Mzee yumo, maneno yamo, sisi hatumo. Ule ukimya wa kungoja ulionekana kama amesahau la kusema, na utani ukawa kejeli kwa mtu asiyekuwapo. Watoto waliotazama nasi walicheka sana, lakini walimcheka mzee mwenyewe, kwa lafudhi yake ya Kisambaa.

Kicheko kile kilichokosa njia kilitukumbusha Vugiri, upande wa Korogwe wa milima hii hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza, wakiongozwa na Meja L. A. Notcutt, walitengeneza huko filamu zipatazo 35 za kuwafundisha Waafrika, kwa msaada wa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, wakazitembeza kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Moja ilihusu akiba ya posta: mmoja aweka fedha zake benki, mwenziwe azifukia ardhini, mwizi azichukua. Waigizaji walikuwa watu wetu, ila mjinga wa kuchekwa alikwisha kuchaguliwa mezani kabla kamera haijafunguliwa. Hatudhani kwamba yuko aliyealikwa kumwigiza Meja.

Amri Athumani wa Tanga, yule King Majuto (1948–2018), alikuja kwa njia nyingine. Alianza jukwaani angali mtoto, na filamu zilimkuta amekwisha kuzoea pumzi za watazamaji. Mtazame anavyonyamaza baada ya neno kali, akaliachia jicho kazi: hapo anawapa nafasi ya kucheka watu asiowaona. Kamera haicheki, na wengi waliotoka jukwaani hubabaika mbele yake kwa sababu hiyo, wakapiga kelele pasipo haja. Yeye alingoja, kama mzee wetu alivyotungoja sisi.

Basi tulimwomba yule kijana arudie kazi yake, safari hii asimame nyuma ya mzee ili nyuso zetu zionekane. Mzee alikubali kwa sharti moja: kwamba nasi tuhutubie tena, kwa urefu ule ule.