Mgeni Atakapoondoka

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atauguzwa na nani mgeni akishaondoka. Swali hilo linapaswa kujibiwa na klabu yoyote ya Eldoret itakayotaka kuwaalika vijana wa kigeni wajitolee kufundisha mchezo wa Go.

Mchezo huo ulizaliwa Uchina zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, ukastawi pia Korea na Japani. Huchezwa kwa vijiwe vyeusi na vyeupe juu ya ubao wenye mistari 19 kwa 19. Kanuni zake ni chache, lakini kuumudu huchukua miaka. Anayeanza huhitaji mpinzani anayemzidi, kwani wachanga wakichezana wao kwa wao aghalabu huambukizana makosa. Haja ya mwalimu, basi, ni ya kweli. Hata hivyo, kijana wa kujitolea huja kwa miezi michache, na siku ya kurejea kwao huijua kabla hajafika.

Mfano wa kuzingatiwa uko karibu, katika mji wa Iten. Mwaka 1976, mtawa kijana kutoka Ireland, Colm O'Connell, aliwasili katika Shule ya Upili ya St Patrick's kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha. Riadha ilikuwa mikononi mwa Mwingereza Peter Foster. O'Connell akamsaidia, na Foster alipoondoka, mzigo ukamwangukia yeye. Kwa kuwa hakujua, alilazimika kutazama na kusikiliza. Mwenyewe ameeleza mara nyingi kwamba wanariadha ndio waliomfunza. Peter Rono, mwanafunzi wa shule hiyo, alitwaa dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka 1988. Mwaka 2012 mjini London, David Rudisha, aliyenolewa na O'Connell, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800: dakika 1 na sekunde 40.91.

Si haki kumtarajia kila mgeni akae miongo kama O'Connell. Kinachoweza kuigwa ni ule unyenyekevu wa mwalimu kuanzia pale mwenyeji aliposimama. Na mwenyeji wa Afrika Mashariki hasimami mahali patupu. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, limemzoeza mchezaji kuhesabu mbali kabla ya kunyoosha mkono. Limempa pia msamiati: kete, nyumba, kichwa, kimbi, mtaji, kutakasa.

Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Jembe la mwalimu wa Go liwe kuandaa warithi. Kila alichofundisha leo, mwanachama mmoja akifundishe kesho kwa Kiswahili, mgeni akiwa ameketi pembeni. Nafasi tupu zilizopakana na kijiwe, ambazo zikizibwa zote kijiwe hutolewa ubaoni, zingeweza kuitwa pumzi. Yeyote aliyewahi kupanda mteremko wa Iten angelielewa neno hilo bila kufafanuliwa.

Klabu isiyofanya hivyo itamsindikiza mgeni wake kwa zawadi na picha, kisha vijiwe vitarudi kabatini. Iliyofanya hivyo itamsindikiza kwa huzuni ile ile, lakini Jumamosi itakayofuata kutakuwa na mtu wa kufundisha.