Nani Anaipima Mita?

Katika karakana ninayofanyia kazi Birmingham, mita ikisema volti 12.6 hakuna anayeuliza mara mbili. Ina kibandiko chenye tarehe. Kila mwaka hupelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na UKAS, shirika la ithibati la Uingereza, ikalinganishwa na volti zinazojulikana kwa uhakika, ikarudi na cheti kinachoonyesha imekosea kwa kiasi gani. Na fundi umeme wa Uingereza, kabla ya kugusa waya unaosemekana umezimwa, hujaribu kipimo chake kwanza mahali penye umeme wa uhakika, hupima waya, kisha hurudi kukijaribu tena. Kipimo chaweza kufa katikati ya kazi, na mtu akafa nacho.

Jinja, Uganda, mji ambako bwawa la Owen Falls limekuwa likizalisha umeme tangu 1954, vibandiko hivyo sijaviona kwenye vibanda vya mafundi. Wana mita ndogo za bei nafuu zenye betri ya volti 9. "Kaka, hii inadanganya," fundi atasema, kisha ataazima ya jirani. Zikilingana, kazi inaendelea.

Tabia hiyo ya kuishuku mita naiheshimu sana. Sisi wa vibandiko tumeisahau. Lakini mita mbili za aina moja, zenye betri zilizochoka sawasawa, zaweza kukubaliana katika uongo. Ndani ya mita kuna volti ndogo ya marejeo, na kila unachopima hulinganishwa nayo. Betri ya volti 9 ikichoka mno, marejeo hushuka, na namba kwenye kioo hupanda. Hapo betri ya sola yenye volti 12.2 ikiwa imetulia, yaani imebaki na chaji ya nusu hivi, husomeka 12.8, kana kwamba imejaa. Mwenye nyumba katika mji wa Mbale ataambiwa betri yake ni nzima na tatizo ni paneli. Atanunua paneli. Betri yake ya asidi itaendelea kukaa na chaji pungufu hadi sahani zake zigande salfeti.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni betri mpya ndani ya mita, kabla ya kufungua kifuniko na kuzungusha ile skrubu ndogo ya kurekebisha. Ukiizungusha betri ikiwa dhaifu, siku utakayoweka mpya mita itakosea upande wa pili. Baada ya betri, tikisa nyaya za mita pale zinapoingia kwenye plagi; namba ikirukaruka, waya umekatika ndani. Swichi ya kuchagulia ikiwa chafu, isafishe kwa spiriti uiache ikauke.

Kuna uongo mwingine usiotibika hivyo. Inveta nyingi za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, si wimbi laini kama la gridi. Mita ya kawaida huchukua wastani na kudhani wimbi ni laini, hivyo volti 230 halali zaweza kusomeka kama 180. Inveta haina kosa. Hapo inahitajika mita iliyoandikwa True RMS, hata kama ni moja tu ya kuazimana mtaa mzima.

UNBS, shirika la viwango la Uganda, ina maabara ya taifa ya vipimo upande wa Kampala, lakini kutoka Mbale ni zaidi ya kilomita 200, na hakuna fundi atakayefunga kibanda kwa ajili ya mita ya bei ya chakula cha siku chache. Ninachokiona kinawezekana ni kibao kidogo chenye chipu ya AD584, kinachotoa volti 2.5, 5, 7.5 na 10 za moja kwa moja. Bei yake ni ndogo kuliko ya mita moja nzuri. Kikae kwenye duka moja Naboa Road ya Mbale, kingine Main Street ya Jinja, kila fundi apitishe mita yake hapo Jumatatu asubuhi, na mara moja kwa mwaka mtu mmoja akipeleke chenyewe maabara kwa gharama ya kuchangiana. Vya kuanzia nitavileta mimi Desemba. Kama unamjua fundi wa Mbale au Jinja aliye tayari kutunza kimoja, niandikie.